Sikiliza Mlango Kabla ya Kufungua Mfuko

Mwongozo kwa mwenye gari la zamani ambalo kioo chake cha umeme kimegoma

Jioni moja ya Aprili nilishusha kioo pale Gilgil ili nimjibu askari wa barabarani. Kilishuka bila tatizo. Aliponiruhusu niondoke nikabonyeza swichi ya kukipandisha. Kikatikisika kidogo, kikatulia palepale. Mvua ilinikuta Mbaruk. Kufika Lanet, mkono wangu wa kulia ulikuwa umelowa hadi begani na spika ya mlangoni imeanza kukoroma.

Kesho yake fundi aliniambia mota imekufa, akaweka nyingine. Wiki chache baadaye kioo kikaanza kupanda kwa kusuasua, na kabla ya Julai mota hiyo nayo ikafa. Nikanunua ya pili. Ilipoanza kulegea kama mwenzake, nikaenda kwa mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya umeme wa magari tangu nikiwa shuleni. Hakufungua chochote. Alipitisha kidole ndani ya ule mpira ambamo kioo huteleza, kisha akanionyesha kidole chenyewe. Kilikuwa na tope la kijivu, laini kama unga wa wimbi uliokorogwa kwa maji.

"Mzee, ni mota tena?" nikamuuliza.

"Mota haina kosa, kijana. Umeifunga plau, halafu unataka ikimbie."

Yote nitakayokueleza hapa yametoka kwenye sentensi hiyo. Huku kwetu, kuanzia Naivasha hadi Molo, na kuteremka mpaka Mogotio na Marigat, adui wa kwanza wa dirisha la gari ni vumbi. Udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkano, na ni mwepesi kiasi kwamba hupenya pasipopita sindano. Watu wengi husema hata jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi likikutana na maji huwa tope, na tope likikauka ndani ya mpira hukibana kioo. Kioo kilichobanwa huichosha mota, mota iliyoelemewa huvuta umeme mwingi, na umeme huo huunguza swichi. Ukibadilisha kilichoungua bila kuondoa kinachobana, utarudi gereji, tena kwa pesa zako.

Ukikwama barabarani

Simama mahali salama, mbali na malori, na uache kubonyeza. Mota nyingi za madirisha zina kinga ndani yake ambayo hukata umeme mota ikipata joto kupita kiasi. Ukiendelea kubonyeza unaiongezea joto tu. Ipe dakika kumi ipoe, kisha fuata hatua hizi.

1. Washa injini. Betri nzima iliyotulia ina takriban volti 12.6, lakini injini ikinguruma na alteneta ikichaji, zinapanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Tofauti hiyo ndogo mara nyingi hutosha kukipandisha kioo kizito.

2. Tazama kitufe cha kufungia madirisha kwenye mlango wa dereva. Kikibonyezwa, madirisha ya abiria hayatii swichi zao. Watu wamewahi kulipa fundi kwa ajili ya kitufe ambacho mtoto alikigusa kwa goti.

3. Bonyeza swichi ya kupandisha, na huku umeibonyeza piga paneli ya mlango kwa kiganja, upande wa chini karibu na spika. Piga kwa nguvu ya kubisha hodi, si ya kubomoa. Ndani ya mota mna vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme. Vikiisha au vikikwama, mtikisiko huo huvirudisha mahali pake kwa muda.

4. Tafuta mtu wa pili. Mmoja abonyeze swichi, mwingine akibane kioo kati ya viganja viwili, kimoja ndani na kingine nje, akivute juu pamoja na mota. Vidole visikae kati ya kioo na fremu ya juu.

5. Kioo kikifika juu, usikishushe tena, hata kwa kujaribu. Waambie walio garini wasiguse swichi. Ukikutana na jirani, fungua mlango umsalimie.

6. Kikikataa kabisa, funika dirisha kwa nailoni angavu. Pangusa fremu vumbi lote kwanza, kwa sababu tepu haishiki kwenye vumbi, kisha bandika nailoni kwa tepu pana. Kwa dirisha la dereva au la abiria wa mbele, usitumie gunia wala katoni. Lazima uone kioo cha pembeni. Endesha polepole hadi nyumbani.

Usiliache gari likiwa na dirisha wazi mjini, hata kwa dakika tano. Ikibidi uegeshe, egesha upande wenye tatizo ukielekea ukuta, na usiache kitu kinachoonekana. Na ikiwa ulipanga kuingia Mbuga ya Ziwa Nakuru, ahirisha. Nyani wa kule wanajua dirisha wazi ni nini, na mbugani hakuna ruhusa ya kushuka garini kukimbizana nao.

Sikiliza kabla ya kufungua

Ukiwa nyumbani, kaa ndani ya gari, zima redio na feni, weka ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha umeme na uwashe taa ya ndani. Sasa bonyeza swichi huku ukisikiliza mlango na kuitazama taa. Mlango utakwambia mengi.

Mlango ukinyamaza kabisa na taa isififie hata kidogo, umeme haufiki kwenye mota, au umefika na mota imekatika ndani. Anza na fyuzi, swichi na waya.

Taa ikififia na ukasikia mguno mfupi, kioo kikabaki palepale, umeme umefika na mota inajaribu. Kuna kitu kimebana: mpira, reli au mashine ya kioo, yaani vyuma vinavyokipandisha na kukishusha.

Mota ikilia vizuri lakini kioo hakiendi popote, mota ni nzima. Mashine ya kioo ndiyo iliyokatika kebo, au meno ya gia yamelika.

Ukisikia mkwaruzo na kioo kikalala upande, kimechomoka kwenye vishikio vyake vya chini. Acha kubonyeza mara moja, maana kioo kilicholala huvunjika.

Kikipanda polepole na kukwama karibu mahali pamoja kila siku, mpira ndio mgonjwa. Usinunue kitu chochote kabla hujausafisha.

Kikishuka vizuri na kukataa kupanda, shuku swichi. Upande wa kupandisha ndio unaopitisha umeme mwingi, kwa sababu kioo kinanyanyuliwa dhidi ya uzito wake, na ndio unaoungua kwanza.

Na ikiwa dirisha hufanya kazi mlango ukiwa wazi na hukataa ukifungwa, au kinyume chake, waya umekatika kwenye bawaba.

Kwa dirisha la abiria kuna kipimo kingine cha bure. Jaribu swichi ya mlango wake, kisha swichi ya dereva inayoliendesha dirisha hilohilo. Likitii moja na kukataa nyingine, mota haina kosa.

Fyuzi, swichi na waya

Fyuzi ndiyo ya kwanza kutazamwa kwa sababu ni rahisi. Kifuniko cha sanduku la fyuzi mara nyingi kina mchoro. Fyuzi zina rangi za kimataifa: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Ikiungua, weka ya rangi ileile. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiinyima kazi hiyo, moto utatafuta pa kutokea, na waya za gari lako zinapita chini ya zulia unalolikanyaga. Fyuzi mpya ikiungua pia, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi au mota iliyokufa, na si suala la fyuzi tena.

Madirisha yote manne yakikataa kwa pamoja, usifungue milango minne. Tatizo liko mahali yanapokutana: fyuzi kuu, rilei, au swichi ya dereva. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya tisini na elfu mbili, umeme wa madirisha ya abiria hupitia swichi ya dereva kwenda na kurudi. Ikiharibika, mlango wa nyuma unaweza kukataa ilhali hauna ugonjwa wowote.

Swichi ya dereva ndiyo inayotumika kuliko zote. Umeibonyeza kwa askari, kwa muuza karoti wa Soko Mjinga, kwa muuza asali wa Marigat, na kila mara vumbi kidogo limeingia. Ichomoe taratibu, ifungue, utaona vipande vidogo vya shaba. Vikiwa vyeusi, visugue kwa kifutio cha penseli au msasa laini kabisa, uvipanguse kwa spiriti, uviache vikauke. Kuwa makini, kuna springi ndogo na vijiti vya plastiki vinavyoruka, kwa hiyo fungulia ndani ya sinia au juu ya kitambaa cheupe. Shaba ikiwa imeliwa kabisa au plastiki imeyeyuka, tafuta swichi nyingine.

Waya wa bawaba huchunguzwa hivi: fungua mlango, utaona bomba la mpira linalotoka kwenye nguzo ya gari na kuingia mlangoni. Humo waya hukunjwa na kukunjuliwa kila unapopanda na kushuka, miaka ishirini. Mtu mmoja abonyeze swichi huku wewe ukilitikisa bomba hilo. Kioo kikishtuka, umepata. Waya uliokatika huunganishwa kwa kuongezewa kipande laini cha unene uleule, kuchomewa risasi na kufunikwa vizuri. Kuukaza kwa kuusokota na kuufunga tepu ni kujipangia safari nyingine ya gereji.

Kama una mita ya kupimia umeme, ukishafikia mota kwa kufungua mlango kama nitakavyoeleza hapa chini, ichomeke kwenye plagi yake yenye waya mbili. Ukibonyeza kupandisha, isome karibu volti 12. Ukibonyeza kushusha, isome hizohizo zikiwa na alama ya kutoa. Namba ikionekana na mota ikinyamaza, mota ndiyo. Isipoonekana, rudi nyuma kuelekea swichi. Mita inaweza kukudanganya kwa jambo moja: waya uliobaki na uzi mmoja husoma volti 12 bila mzigo. Kwa hiyo pima tena plagi ikiwa imechomekwa na swichi imebonyezwa. Ikianguka chini ya 10, kuna mahali umeme unapotea njiani.

Kufungua mlango

Kazi hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira na mchana mmoja wa Jumamosi. Andaa bisibisi ya nyota na bapa, boksi spana namba 10, koleo, tepu pana, glavu na kikombe cha kuwekea skrubu. Chuma cha ndani ya mlango kina kingo kali kama kopo lililofunguliwa, kwa hiyo usidharau glavu.

Kama kioo bado kinasogea, kiweke mahali ambapo boliti zake zitaonekana, kisha ondoa waya hasi wa betri. Gari lako likiwa na mifuko ya hewa ya pembeni, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plagi yoyote. Fungua skrubu za kishikio cha mkono na za kitasa cha ndani, nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Paneli imeshikiliwa na klipu pembeni. Ingiza kipande cha plastiki ngumu au mwiko mwembamba wa mbao na uzibandue moja moja, ukianzia chini. Klipu za gari la zamani zimekauka na baadhi zitavunjika, basi nunua chache mapema. Zote zikiachia, inua paneli kwenda juu, chomoa plagi za swichi, iweke pembeni.

Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Usiruhusu. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku kupitia mwanya wa kioo, na kazi ya nailoni hiyo ni kuyaelekeza chini yatoke nje. Ikikosekana, maji huingia ndani, zulia hulowa, na wakati wa kiangazi vumbi huja kwa njia hiyohiyo. Ibandue taratibu, na kama imechanika kata nyingine ya ukubwa uleule.

Kabla ya kugusa boliti yoyote ya mashine, kifunge kioo kwa tepu kutoka ndani, juu ya fremu, hadi nje. Kioo kisichoshikwa huanguka ndani ya mlango kama nazi kisimani.

Mashine ya kioo na mota

Mashine ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mkasi: mikono miwili ya chuma iliyopishana, inayosukumwa na gia ya nusu duara. Ndiyo iliyo kwenye Corolla nyingi za zamani, na ni imara. Ya pili ni ya kebo: waya mwembamba wa chuma unazunguka kwenye kibiringo na kukivuta kioo juu ya reli. Kebo hiyo huchanika uzi baada ya uzi, na dalili yake ni mkwaruzo unaoongezeka siku hadi siku.

Hapa kuna hatari ninayotaka uisome mara mbili. Mashine ya mkasi ina springi nzito iliyokazwa ili kuisaidia mota kunyanyua kioo. Ukiitoa mota kabla ya kuifunga mikono ya mashine, ile gia huruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Ifunge kwanza kwa klempu, au pitisha boliti kwenye tundu la gia hadi kwenye bamba lake isiweze kusogea. Kama hujui kulifanya hilo, ishia hapo na umpelekee fundi. Hakuna aibu katika hilo.

Kujua kama mota ni nzima, ipime moja kwa moja: waya mbili kutoka kwenye betri, mmoja ukiwa na fyuzi, uziguse kwenye ncha za mota. Izunguke upande mmoja, na ukizibadilishana waya izunguke upande mwingine. Vidole viwe mbali na mashine. Ikizunguka kwa nguvu pande zote mbili, usinunue mota, haijalishi nani amekwambia ununue.

Mashine ikirudi mlangoni, paka grisi nyeupe kidogo kwenye gia na kwenye njia ya magurudumu yake. Kidogo tu. Grisi nyingi hapa Nakuru ni mtego wa vumbi.

Mpira: hapa ndipo dirisha linaponea

Sasa turudi kwenye kidole cha yule mzee. Shusha kioo hadi chini na utazame mfereji wa mpira pande zote mbili na juu. Ndani yake kulikuwa na vinyweleo laini kama vya mahameli ambavyo hukiacha kioo kiteleze. Kwenye gari la Nakuru lisilotunzwa vinyweleo hivyo havionekani, vimezikwa.

Chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, mswaki mkuukuu, na kitambaa kilichozungushiwa kwenye rula nyembamba. Sugua kutoka juu kwenda chini, suuza kitambaa, rudia. Maji ya kwanza yatakuwa ya rangi ya saruji. Rudia mpaka yawe meupe. Mimi nilirudia mara saba kwa mlango mmoja. Usielekeze bomba la shinikizo la kuoshea magari kwenye mwanya wa kioo, kwa maana unalisukuma tope ndani zaidi, hadi kwenye mota.

Acha mpira ukauke kabisa, kisha puliza silikoni ndani ya mfereji, pandisha na kushusha kioo mara kadhaa na ufute inayozidi. Usitumie oili ya injini, wala grisi, wala mafuta ya kujipaka. Hayo hulainisha kwa siku tatu, kisha hukusanya vumbi kama asali inavyokusanya sisimizi, na huuvimbisha mpira.

Mpira ukiwa umepasuka au umekakamaa kama ubao, hautasafishika. Badilisha. Hiyo ndiyo spea ambayo watu huiona ghali na isiyo ya lazima, kisha hununua mota mbili kuikwepa. Najua, kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Kopo la silikoni lililoniponya halikufika robo ya bei ya mota moja.

Usisahau matundu ya chini ya mlango. Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wake wa chini ya kutolea maji. Yakizibwa na tope, maji hukaa ndani, chuma huoza na mota hukaa bwawani. Yazibue kwa njiti ya kiberiti au mrija mgumu, kisha mimina glasi ya maji kwenye ukingo wa kioo. Yatoke chini papo hapo.

Spea na fundi

Ukithibitisha kwamba unahitaji mota au mashine, nenda dukani ukiwa na ile ya zamani mkononi. Ya kulia na ya kushoto hazifanani, zimegeukiana kama viganja, na ya mbele si ya nyuma. Linganisha plagi, matundu ya boliti na idadi ya meno ya gia. Mwambie muuzaji aijaribu kwenye betri mbele yako, pande zote mbili. Kwa gari la zamani, kitu kilichotumika Japani, kile wanachokiita "ex-Japan", kinaweza kudumu kuliko kipya cha bei ya chini, lakini kimeshazeeka kidogo, kwa hiyo kukijaribu ni lazima. Nakuru mjini ikikosekana, mara nyingi hupatikana Nairobi kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ile ya zamani ya Grogan, na huletwa kwa mizigo ya matatu. Tuma picha ya ile ya zamani, pande zote, kabla ya kutuma pesa. Na popote unaponunua, dai risiti. Gari linalovuliwa vifaa usiku mtaani kwako lina soko mahali fulani, usiwe wewe.

Kwa fundi, kuwepo kwako ni nusu ya kazi. Mweleze ulichosikia, si unachodhani: "Mota inalia lakini kioo hakiendi," si "mota imekufa." Mwombe akuonyeshe kosa kabla hajaagiza kitu. Patana bei ya spea na bei ya kazi kila moja peke yake, na urudishiwe kilichotolewa. Kabla hujalipa, pandisha na kushusha kioo mara kumi injini ikiwa imezimwa, maana mota dhaifu hujificha nyuma ya alteneta. Funga mlango kwa nguvu ya kawaida usikilize kama kuna klipu inayocheza. Uliza kama nailoni imerudishwa. Fundi mzuri hatachukia maswali haya.

Na kama dirisha lako hupanda lenyewe kwa mguso mmoja, huenda likasahau mipaka yake betri inapotolewa. Kwa magari mengi, shusha kioo nusu, kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache. Likikataa, soma kitabu cha gari.

Kwa dirisha la nyuma la gari lililochakaa sana, kuna njia ya heshima isiyo ya umeme: baadhi ya modeli zilitoka pia na mashine ya kuzungusha kwa mkono, na mashine hiyo huingia kwenye mlango huohuo. Ni bora kuliko kukifunga kioo milele, kwa sababu dirisha ni njia ya kutokea siku mlango utakapokataa.

Watoto

Gari la zamani mara nyingi halina kile kifaa cha kukigeuza kioo kinapogusa kitu. Mota yenye afya, uliyoitengeneza vizuri, ina nguvu ya kubana shingo ya mtoto. Kwa swichi za zamani za kubonyeza, mtoto anaweza kukipandisha kioo kwa goti huku kichwa chake kiko nje akitazama pundamilia wa hifadhi ya Soysambu. Kwa hiyo siku dirisha litakapopona ndiyo siku ya kuanza kutumia kile kitufe cha kufungia. Tazama nyuma kabla ya kupandisha, useme kwa sauti, "Mikono ndani." Na ushukapo garini, toka na ufunguo.

Kila mwezi, dakika kumi na tano

Tangu siku ya yule mzee nina desturi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafuta mipira yote minne kwa kitambaa chenye unyevu, nazibua matundu ya milango, napandisha kila kioo injini ikiwa imezimwa huku nikihesabu. Kioo cha dereva hupanda kwa hesabu ya nne. Kikifika sita, najua vumbi limerudi, nachukua mswaki. Kabla ya masika, mwezi wa Februari, napuliza silikoni.

Mota iliyomo sasa ni ileile ya pili, ile iliyokuwa imeanza kulegea nilipompelekea mzee. Aliiacha mlangoni bila kuibadilisha, akaosha mpira tu. Sasa ina miaka minne. Juzi nilisimamishwa tena Gilgil, mvua ikiwa imeshaanza kudondoka. Nilishusha kioo, nikasalimiana na askari, nikajibu alichouliza, nikabonyeza swichi. Moja, mbili, tatu, nne.